Barua ya Kumwita Mzazi

Jumanne, 6 Februari 2024

Kesi ya sabuni imenifikia leo, baada ya kuzunguka bwenini kwa wiki nzima. Inamhusu K. wa kidato cha tatu na F., njuka wa kidato cha kwanza. Naandika herufi tu. Nyumba za walimu huku Lushoto hazina siri, na daftari lina miguu.

F. alikuja Januari na miche mitatu ya sabuni. K. akamwambia mgeni hulipa kodi ya bweni. Tangu hapo, kila Jumamosi kabla ya kufua, F. hukata kipande cha upana wa vidole viwili, hukipeleka kitandani kwa K., kisha hufua mashati mawili ya K. kwa sabuni yake iliyobaki. Kiranja wa bweni alijua. Nadhani na mlinzi alijua.

Nikaomba kuuona mche wa mwisho. Ulikuwa ndani ya soksi, chini kabisa ya tranka. Juu yake F. amechora mistari kwa msumari, akipima Jumamosi zilizobaki hadi likizo. Kuna mstari mmoja aliousogeza ili kipande cha K. kipungue kidogo, halafu akaogopa, akachora tena pale pa mwanzo. Alama zote mbili zinaonekana.

Mwalimu wa nidhamu ameshatoa barua ile ya siku zote: mzazi au mlezi afike shuleni bila kukosa kuhusu mwenendo wa kijana wake. K. nilimhoji mwenyewe. Hana jeuri ya mdomo, anajibu kwa adabu na mikono iko nyuma. "Madam, hata mimi nilipokuwa njuka nilifua. Sikufa."

Alhamisi, 8 Februari

Nimekaa na F. nje baada ya chakula cha mchana. Ni mtoto wa geti kali wa Dar es Salaam, wa pekee kwa mama yake. Toka darasa la kwanza hadi la saba amekuwa akipelekwa na kurudishwa na gari. Hajawahi kutumwa dukani. Mama hunipigia simu kila jioni kuuliza mtoto amekula nini na kama amevaa sweta, na mara nyingi nampa F. simu waongee wenyewe.

Nikamuuliza kwa nini katika simu zote hizo hakusema.

"Angekuja kunichukua, madam. Usiku uleule."

Akanyamaza, akachokonoa udongo kwa kandambili. "Na angelia."

Hapo ndipo nilipokaa sana leo. Kwenye semina huwa tunaambiwa mtoto anayeonewa hasemi kwa sababu nyumbani hasikilizwi. Huyu anasikilizwa kupita kiasi. Neno lake moja linaweza kuangusha nyumba nzima, kwa hiyo anameza. Anamlinda mama yake kwa miche ya sabuni.

Mtaani kwetu ilikuwa kinyume. "Ukipigwa usije kunililia hapa, karudishe." Nani hajaisikia? Mtoto wa nyumba hiyo naye hasemi, ila yeye anaogopa kupigwa mara ya pili. Nyumba mbili zisizofanana, na zote zinatuletea bwenini mtoto aliyefunga mdomo. Mwonezi wala hahitaji kuuliza ni yupi atanyamaza. Anamwona wiki ya kwanza, kwenye foleni ya bwalo.

Ninayo makala ya mwaka 2013 niliyoihifadhi, ya Lereya na wenzake wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, waliokusanya tafiti 70 kuhusu malezi na kuonewa. Ukali na kupuuzwa vilikuwemo, kama mtu angetegemea. Ila na ulinzi wa kupindukia ulikuwemo: watoto wanaozuiwa kila kitu walionekana kuangukia zaidi upande wa wanaoonewa. Mama F. nikimwambia hivyo atanichukia, na sitamlaumu.

Jumatano, 14 Februari

"Mzazi" wa K. amefika. Ni kaka yake.

Baba yao yuko machimboni Mererani, anarudi akipata. Mama yupo nyumbani Korogwe, lakini mambo ya shule, ya deni na ya kuchapa yamo mikononi mwa kaka. Kijana wa miaka 23, dereva wa bodaboda, amepanda kutoka Mombo na vumbi lote la njia. Aliingia ofisini, akatuamkia walimu wote mmoja mmoja, akakataa kiti. Akauliza, "Yuko wapi?"

K. aliletwa. Makofi mawili, kabla mtu hajamweleza kosa. Ndipo kaka akakaa, akaomba radhi: "Samahani sana walimu wangu. Huyu nyumbani ananijua." Mwalimu wa nidhamu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kaka akaendelea, akimwangalia mdogo wake: "Mimi baba alinichapa kwa mnyororo wa baiskeli. Sikufa."

Nilimtazama K. Alikuwa anaisoma kalenda ya ukutani, mwezi mzima, tarehe baada ya tarehe.

Sisi walimu tumefungwa na kanuni za 2002: viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na kila adhabu iingizwe kitabuni. Hazifuatwi ipasavyo, lakini zipo, na mkaguzi akija anauliza kitabu. Kofi la kaka halina kitabu. Tumemwandikia barua aje alipige sisi tukiangalia, halafu tukamshukuru kwa ushirikiano.

Ijumaa, 16 Februari

Godoro la F. limelowa. Maji ya ndoo nzima, kati ya prepu na saa ya kulala. Hakuna aliyeona. Bweni zima na hakuna aliyeona!

K. sabuni hataki tena. Mwalimu wa nidhamu anaihesabu kesi kuwa imekwisha, na kwenye rejista imekwisha kweli.

Mimi naihesabu hivi: lile kofi lilitoka kwa baba likaja kwa kaka, likatoka kwa kaka likaja kwa K., na jana usiku limefika kwenye godoro la F. Nimejikuta nashukuru kwamba F. hana mdogo wake.

Jumapili, 18 Februari

Mvua tangu asubuhi, umeme hakuna. Nimesoma hadi simu ikazima, namalizia kwa taa ya sola.

Aliyeanza kulichunguza jambo hili la uonevu shuleni kwa mpango ni Dan Olweus, Msweden aliyeishi na kufundisha Bergen, Norway. Kitabu chake cha kwanza kuhusu uonevu kilitoka 1973. Serikali ya Norway ilishtuka baadaye kidogo, baada ya wavulana watatu wa kaskazini kujiua mwishoni mwa 1982; mwaka uliofuata ikaanzisha kampeni ya nchi nzima mashuleni na Olweus akapewa nafasi ya kujaribu mpango wake. Vifo vitatu vikaitisha nchi nzima. Huku kwetu sijui ingechukua vingapi.

Ninachokitafuta kiko kwenye utafiti wake wa 1980 kuhusu wavulana wa Sweden. Alitaja mambo manne yanayomlea mvulana mbabe: ubaridi wa mama kwake toka utotoni, mama kuuachia ubabe upite bila kuukemea, wazazi kutumia viboko na milipuko ya hasira, na hulka ya mtoto mwenyewe, kama ni wa kuwaka haraka. Mama amebebeshwa mawili kati ya manne. Mzigo wa nyumbani siku zote unajua wa kumpanda.

Kaka na dada hawamo kwenye hayo manne. Nimeyarudia mara mbili ili nihakikishe.

Labda Sweden ya miaka ile mtoto alilelewa na baba na mama wakatosha. Huku kwetu nani amelea? Dada amembeba mgongoni, kaka amemwonesha njia ya shule, amemchapa, amemfundisha kupigana na kumwambia lini asipigane. Mzazi ameamuru tu, tena kwa simu. Gerald Patterson wa Oregon, Marekani, alilikaribia hili zaidi. Yeye na wenzake waliingia majumbani, wakakaa na kuangalia familia zinavyogombana, na kitabu chake cha 1982 kinaeleza mnyororo wenyewe: mmoja anaamuru, mwingine anafoka, wa kwanza anaacha, na aliyefoka amejifunza kuwa kufoka kunalipa. Baadaye akaandika kwamba ndugu nao wanafundishana mchezo huo wao kwa wao. Hapo nikamwona kaka wa bodaboda, na K. anayeisoma kalenda.

Na kwa upande wa dawa: Lucy Bowes na wenzake waliwafuatilia mapacha 2,232 wa Uingereza na Wales, wakachapisha mwaka 2010. Walitaka kujua kwa nini watoto wawili wanaonewa sawasawa shuleni, mmoja anaporomoka na mwingine anasimama. Jibu lilikuwa nyumbani: upole wa mama, nyumba isiyo na vurugu, na ndugu wanaopendana. Ndugu wamehesabiwa peke yao, sambamba na mama.

Taifa letu nalo lilijitazama. Uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009, uliotolewa 2011, ulionesha karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, walipigwa kabla ya kufika miaka 18. Robo tatu! Kwa hesabu hiyo, kumwita nyumbani mtu aje ampige mwanafunzi si adhabu mpya. Ni kumwongezea alichokizoea.

Jumamosi, 24 Februari

Bweni la wasichana halina kesi za sabuni. Lina R., anayekula peke yake tangu shule ifunguliwe.

Hakuna aliyemgusa. Chumba kizima kimemchunia, na amri ni ya Z. wa kidato cha tatu, msichana wa kwanza kwa hesabu darasani na wa mwisho kutiliwa shaka na mwalimu yeyote. Nilisimama mlangoni bila kubisha. R. alikuwa dirishani. Z. alimwambia wa kitanda cha pili, "Mwambie huyo afunge dirisha." Yule akamwambia R., aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa Z. R. akafunga.

Nilimwita Z. nje. Nikamuuliza mtindo huo wa kuongea kwa kupitia mtu ameutoa wapi. Hakufikiri.

"Nyumbani tunaongea hivyo."

Ndipo akasikia alichosema. Yaliyofuata yalichukua saa nzima. Baba na mama yake hawajasemeshana tangu mwaka juzi, na wanakaa nyumba moja, wanakula meza moja. "Mwambie baba yako chakula kipo tayari." "Mwambie mama yako nimeshiba." Z. ndiye mkubwa, kwa hiyo ndiye anayesafirisha. Zamani alikuwa anayabadilisha njiani. Baba akisema ameshiba, yeye anafikisha: "Baba anasema ahsante, atakula baadaye." Mpaka siku moja mama akagundua, akamchapa kwa uongo.

Msichana wa miaka 16. Amejua mapema kuliko sisi sote kwamba kunyamaza kunauma kuliko fimbo, na kwamba mwenye nguvu ni yule anayeamua nani asemeshwe. Amekuja shuleni, na hapa safari hii nguvu ni zake.

Kitabu cha adhabu hakina safu ya kununa. Kama ningeipeleka kesi hii kwa mwalimu wa nidhamu angeniuliza, "Amempiga?" Na kama ingeandikwa ile barua, wangekuja wazazi wawili wasiosemeshana, na Z. angekaa katikati afikishe maneno.

Sijaiandika.

Jumapili, 3 Machi

Siku ya kutembelewa. Toka saa tatu asubuhi uwanja umejaa mikeka, hotipoti, watoto wadogo na wajomba wanaojipiga picha na milima. Sijui kama kuna siku nyingine inayomwonesha mwalimu familia za watu wazi namna hii.

Wasiotembelewa utawajua kwa bidii yao. Asubuhi hiyo ndiyo wanayokumbuka kufagia bwalo, kupanga kuni, kufuata maji ambayo hakuna aliyeyaomba. K. alishinda jikoni akisugua masufuria makubwa ya ugali. Mpishi alimwambia inatosha. Akasugua mengine.

Mama F. alifika na pilau, kachumbari, chupa ya maziwa na blanketi la pili. Habari za godoro alishazipata, si kwa F., kwa mama wa mtoto mwingine. Akanivuta pembeni.

"Mwalimu, nioneshe huyo mtoto ni yupi."

Nikamwambia sitamwonesha.

"Nimemlea peke yangu. Sina mwingine."

Nikajaribu kumweleza nilichokiona: kwamba mwanawe ana mengi ya kumwambia, na hawezi, kwa sababu kila analosema linageuka kuwa safari ya kutoka Dar. Nikamwomba amwachie aseme jambo moja baya, hata dogo, na yeye asije. Amsikilize tu, amuulize ameamua nini, basi.

"Una watoto wewe?"

"Wawili, mama."

"Basi ungejua."

Sina cha kumjibu hapo. Anayo haki yake. Shule ilimpokea mtoto na miche mitatu ya sabuni ikamwacha alipe kodi, na mwalimu wa shule hiyohiyo anasimama kumfundisha malezi.

Wazazi wa Z. walikuja pia, kwa magari tofauti.

Jumanne, 5 Machi

Nimempigia kaka wa K. jioni, saa ambazo bodaboda wanakuwa kijiweni.

"Shikamoo mwalimu. Amefanya nini tena?"

"Marahaba. Hajafanya kitu. Nina ombi."

"Kama ni hela ya mchango, mwisho wa mwezi, mwalimu wangu."

"Siyo hela. Nataka kila Jumapili saa kumi upige namba hii, uongee na mdogo wako dakika tano. Masomo usimuulize."

Kimya. "Sasa nimuulize nini?"

"Hapo kijiweni mnaongea nini?"

"Pikipiki. Mpira."

"Basi mwambie ya pikipiki."

Akacheka sana, nikasikia anawasimulia wenzake. Nilidhani nimempoteza. Halafu akasogea pembeni, kelele zikapungua.

"Mwalimu, nikuambie ukweli. Huyu nikimchekea atanipanda kichwani. Na baba akirudi hamuulizi yeye, ananiuliza mimi. Akifeli ni mimi. Akifukuzwa ni mimi. Mimi shule niliishia kidato cha pili ili yeye asome."

Sikuwa nalijua hilo. Halipo kwenye faili lolote. Tumekuwa tunamwita kijana huyu mzazi siku za makosa, na siku nyingine zote hatumtambui.

Nikamwambia, mdogo wangu, hakuna anayekwambia umchekee. Mwambie tu pikipiki imeharibika nini wiki hii.

"Klachi," akasema.

"Basi anza na klachi."

Ijumaa, 15 Machi

Kikao cha walimu, kimeenda mbio kwa sababu ya futari. Nilipeleka hoja moja: barua ya kumwita mzazi ibadilishwe.

Mwalimu wa nidhamu alinipinga, na alinipinga vizuri. Tangu ada ifutwe 2016 madarasa yamejaa, yeye ni mmoja, na wazazi wenyewe wanamwambia "mchapeni, huyo ni mtoto wenu". Akiacha kuwaita ataonekana analea wahuni. Akiwaita, kisha awazuie wasiwachape watoto wao wenyewe, atawazuia kwa sheria ipi? Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu wazazi kumrudi mtoto kwa kiasi. Nani atapima kiasi ofisini kwake? Na mwisho akasema jambo ambalo halina jibu jepesi: F. naye ana haki ya kuona aliyemwonea ameadhibiwa.

Nakubali. K. alistahili adhabu, na kufua mashuka ya zahanati ya shule kwa mwezi mzima ni adhabu ninayoiunga mkono kwa mikono miwili. Nisichokubali ni adhabu ya kukodi nyumbani.

Mtu akataja bango la 116, namba ya bure ya watoto kuomba msaada. Lipo, limebandikwa. Limebandikwa nje ya ofisi ya nidhamu, kwenye shule ambayo mwanafunzi akikutwa na simu anasimamishwa. Nimeomba lihamishiwe mabwenini na simu ya matroni iruhusiwe kutumika bila mtoto kueleza anampigia nani. Limepita. Dakika mbili, hakuna aliyepinga.

Kuhusu barua, mkuu ameafiki nusu. Barua inabaki. Ila chini yake tutaongeza swali moja, na tutaliweka pia kwenye fomu ya kujiunga: nyumbani, mtoto huyu humsikiliza nani? Jibu aliandike mtoto mwenyewe. Huyo atakayetajwa ndiye atakayepigiwa kwanza, kwa mazungumzo, kabla ya barua.

Mwalimu wa nidhamu akauliza, "Na akiandika bibi?" Watu wakacheka. Atapigiwa bibi.

Jumapili, 24 Machi

Kaka wa K. amepiga. Wiki ya kwanza hakupiga, ya pili hakupiga, leo amepiga saa kumi na moja na robo. Nilimpa K. simu nikaingia ndani, ila dirisha lilikuwa wazi, nami si malaika.

Kwa muda mrefu K. alikuwa anasema "ee", "ee", "ndiyo kaka". Halafu: "Si nilikwambia ile waya ya klachi ni feki?" Halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia K. anacheka bila mtu wa kumcheka.

Z. na R. bado. Z. ameacha kuamuru wengine, lakini yeye mwenyewe hajamsemesha R. Nimemwambia simlazimishi urafiki. Nilichomwomba ni kwamba akitaka dirisha lifungwe, aseme mwenyewe. Alhamisi alisema mwenyewe. R. alifunga, akajibu, "Nimefunga." Dada mkuu ndiye aliyenisimulia, akishangaa kwa nini nafurahia habari ya dirisha.

Jumatatu, 22 Aprili

Likizo fupi imekwisha, masika yamekata barabara mara mbili, na bwenini kitanda cha F. kina mtu mwingine. Mama yake amemhamishia shule ya kutwa huko Dar. Alinipigia mwenyewe, kwa heshima, hakunilaumu. Alisema F. alimwambia mambo yote likizoni, usiku mmoja, na yeye hakulia mpaka alipomaliza. Kisha akamuuliza anataka nini. F. akasema anataka kurudi nyumbani. Mimi ningependa abaki, lakini safari hii ameulizwa, na amejibu.

K. habari hizo hazikumfurahisha wala kumhuzunisha, angalau si mbele yangu. Hachukui sabuni ya mtu. Bado ana mdomo mchafu kwa manjuka, na wiki hii nimemwondoa kwenye foleni ya bwalo kwa kumsukuma mmoja. Mtoto aliyefundishwa kitu kwa miaka kumi hakisahau kwa simu tatu.

Nimekaa na fomu za kidato cha kwanza jioni yote. Kwenye lile swali, waliowaandika baba zao ni wachache. Wengi wameandika dada. Wengine bibi, mama mdogo, kaka, na mmoja ameandika dereva wa daladala anayepanga nyumba ya uani kwao. Nikafungua rejista ya simu za wazazi ili nilinganishe: karibu namba zote tulizonazo ni za baba. Hawa dada na bibi hatuna pa kuwapigia. Kesho asubuhi, kabla ya mstarini, kila njuka ataniandikia namba ya huyo aliyemtaja, na kwa watakaozisahau nitapiga kwa baba, nimwombe anipe namba ya dada.